Jina Hutangulia Dawa

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri waraka wa afya. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kurasa nne tu, na ujira wake ulikuwa mdogo zaidi. Waraka ulieleza la kufanya pindi maradhi ya kuambukiza yakiingia mtaani. Palipoandikwa kwamba mgonjwa awekwe mbali na wenzake, niliandika "atengwe". Palipotajwa mtu ambaye huenda amepatwa na maradhi ila hajapimwa, niliandika "mshukiwa". Maneno yote mawili yamo katika kamusi, na ofisi iliyonituma iliyapokea bila ya kunung'unika. Baada ya waraka kuchapishwa nilimsomea bibi mmoja jirani yangu, mtu mzima aliyekwisha kuwaosha maiti wengi wa mtaa wetu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu mshukiwa kaiba nini? Na huku kutengwa, katengwa kwa kosa gani?"

Sikuwa na jibu. Kwetu visiwani mtu hutengwa akiwa amekosana na watu: haalikwi harusini, salamu yake haiitikiwi, na siku yake ikifika jeneza lake hukosa wachukuzi. Mshukiwa naye ni mtu wa kituo cha polisi. Kwa maneno mawili nilikuwa nimemgeuza mgonjwa kuwa mhalifu, na nimemfundisha mzazi kumficha mwanawe.

Mimi sikusoma chuo kikuu. Elimu yangu ni ya vitabu vya kuazima, redio na mabaraza ya wazee, na kwa muda mrefu niliwatazama wasomi wa jamii, wale wanaokuja na daftari kutuuliza tunaoana vipi na tunazikana vipi, kwa jicho la mtu anayeulizwa habari za nyumbani kwake na mpita njia. Nikijiuliza: haya yatamfaa nani? Tokea siku ile nimekuwa nikisoma historia ya maradhi makubwa yavukayo bahari, ambayo ni mojawapo ya mitihani mizito ya ulimwengu wetu, na nimeona kwamba swali langu lina jibu. Wataalamu wa maabara wanakijua kijidudu. Lakini kijidudu hakisafiri peke yake. Husafiri ndani ya watu, kwa njia za watu: biashara, ndoa, uuguzi na maziko. Asiyezijua njia hizo hawezi kuziba hata moja.

Tabibu na wazee wa Unguja

Mwezi wa Novemba 1869 kipindupindu kiliingia Unguja. Alikuwapo mjini tabibu wa Kiskoti, James Christie, ambaye aliwahi kuwa mganga wa Sultani. Dawa ya kuyakata maradhi yale hakuwa nayo, wala hakuna aliyekuwa nayo ulimwenguni. Alichokuwa nacho ni masikio. Aliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara: maradhi haya mliyakuta wapi, lini, na mlikuwa mkitokea wapi? Kwa majibu yao aliichora safari ya kipindupindu kutoka Arabuni, kuvuka Bahari ya Shamu, kupita Uhabeshi hadi nchi ya Wamasai, kisha kwa misafara hadi Pangani, na kutoka Pangani kwa vyombo hadi bandarini kwetu. Kitabu chake juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika ya Mashariki kilitoka London mwaka 1876, na anwani yake ndefu inamwahidi msomaji habari za jiografia, makabila na biashara za nchi ambamo maradhi yalipita. Ni kitabu cha tabibu, ila kimejaa watu.

Kipindupindu hakijasahaulika, mwaka 1870 yakazuka maradhi mengine: homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo. Wageni hawakuyafahamu, lakini wazee wa mji waliyatambua. Walimwambia Christie kwamba yaliwahi kuja kiasi cha miaka 48 nyuma, na kwamba jina lake ni kidingapepo, maradhi yamshikayo mtu ghafla kama aliyeshikwa na pepo. Christie aliliandika jina hilo, na baadaye akatoa hoja kwamba ndilo lililovuka bahari hadi visiwa vya Karibi na kugeuka kuwa dengue, neno linalotumiwa leo na madaktari wa dunia nzima. Asili ya neno hilo ingali ikibishaniwa. Sisi kwa upande wetu twasema kidingapopo.

Kisa hakikuishia hapo. Wataalamu wa karne ya 20 walipoyasoma maelezo yale tena, hasa habari za viungo vilivyouma muda mrefu baada ya homa kuondoka, waliona kwamba maradhi ya 1823 na ya 1870 yalifanana zaidi na chikungunya. Na jina hili pia lilitoka kwa watu wa kwetu: lilichukuliwa katika lugha ya Kimakonde baada ya mlipuko ulioanza mwaka 1952 upande wa Newala, nalo lamtaja mtu aliyekunjwa na maumivu. Tazama basi: kumbukumbu ya wazee wa mji ilitunza ushahidi karne moja na zaidi kabla ya maabara kuweza kukionyesha kirusi chenyewe. Hakuna aliyewaita wanasayansi. Walichokuwa nacho ni jina na hesabu ya miaka. Na jina, kama tujuavyo watu wa shairi, ni ghala.

Maji ya nyumbani

Chikungunya ilirudi pwani mwaka 2004, na safari hii ilianzia Lamu. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba kiasi cha robo tatu ya watu wa mji walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu iliingia Ngazija mwaka 2005, ikafika Réunion ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua, na mwaka 2006 watu zaidi ya milioni moja nchini India walihesabiwa kuwa na dalili zake. Mbu wa mji mdogo wa kisiwani alikuwa amewasha moto wa bahari nzima.

Kwa nini Lamu, na kwa nini mwaka ule? Watu wengi humtarajia mbu baada ya mvua kubwa, ilhali mwaka ule mvua zilikuwa haba. Ukame ndio uliowafanya watu waweke maji ya akiba majumbani, katika mitungi na mapipa yasiyobadilishwa maji mara kwa mara. Na mbu wa homa hii ni mbu wa nyumbani, hupenda chombo kuliko kinamasi. Vipimo vya mvua peke yake visingeyasema haya. Ilibidi mtu ajue jinsi nyumba inavyoweka maji yake. Hapa naikumbuka birika ya nyumba za kale za Lamu, ambamo wenyewe walizoea kufuga samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Desturi hiyo haikungoja sheria ya afya. Mtafiti wa jamii anayeikuta hawezi kudai ameigundua. Kazi yake ni kuieleza kwa uaminifu na kuwaonyesha wengine thamani yake kabla haijapotea.

Gemo

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Ebola ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976, Yambuku katika Zaire ya wakati ule na Nzara kusini mwa Sudan. Mwezi wa Oktoba 2000 ilitangazwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika nchi ya Waacholi iliyokuwa ikiteketea kwa vita. Hadi ilipomalizika mwanzoni mwa 2001 walikuwa wameugua watu 425 na kufa 224, akiwamo Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, ambaye alisimama mbele ya wauguzi wake mpaka maradhi yenyewe yakamchukua mwezi wa Disemba.

Shirika la Afya Duniani lilimwita mwanaanthropolojia Barry Hewlett, naye akafanya uchunguzi pamoja na Richard Amola. Dhana iliyozoeleka ilikuwa kwamba mila ndiyo inayoeneza Ebola, na dhana hiyo ilikuwa na sehemu ya ukweli. Kwa Waacholi shangazi, yaani dada wa baba, ndiye amwoshaye maiti na kumtayarisha, na maradhi yaliwashika wanawake zaidi kuliko wanaume. Lakini wachunguzi walipokaa na wazee na kuuliza vyema, waliambiwa habari nyingine kabisa. Waacholi wana jina la maradhi yajayo ghafla kama upepo mbaya na kuua wengi: gemo. Gemo likitambuliwa, mila za siku zote husimama na zake huingia. Mgonjwa huwekwa katika nyumba ya peke yake, mbali na nyingine kiasi cha mita 100. Humwuguza yule aliyewahi kuugua akapona. Mbele ya nyumba husimikwa mabua mawili marefu ya mabingobingo ili ajaye ajue. Kutembeleana hupunguzwa, ngoma hunyamaza, chakula cha ugenini hakiliwi. Aliyepona hungoja mwezi mmoja wa mwandamo kabla ya kuchanganyika na watu. Hata maiti haoshwi na shangazi tena. Humzika yule aliyepona, na kaburi huchimbwa pembezoni mwa kijiji.

Yaweke masharti hayo kando ya waraka wowote wa hospitali, utadhani mmoja umenakiliwa kutoka kwa mwingine. Lakini waraka huletwa na mgeni aliyefunika uso, na sharti la gemo limetoka kwa babu. Bua la mabingobingo halimhukumu aliyemo ndani. Lasema tu kwamba gemo limepiga hodi hapa. Naikumbuka tafsiri yangu na kuona haya. Waacholi walikuwa na njia ya kumweka mgonjwa kando bila ya kumwondoa katika ubinadamu, na ilimpasa mtu aulize ndipo aijue. La kusikitisha ni kwamba uchunguzi huo ulifanyika maradhi yakielekea ukingoni.

Heshima ya maiti

Ungetazamia somo hilo lidumu. Halikudumu. Ebola ilipozuka Guinea mwishoni mwa 2013 na kuenea Liberia na Sierra Leone, iliwapata watu zaidi ya 28,600 na kuua zaidi ya 11,300 kabla ya kuzimwa mwaka 2016. Mwanzoni ilitangazwa kwamba Ebola haina dawa. Kitabibu neno lilikuwa la kweli wakati ule, ila msikilizaji mwenye akili zake alifahamu hivi: kama haina dawa, mgonjwa wangu nimpeleke hospitali akafanye nini? Akabaki naye nyumbani. Maiti walichukuliwa na watu wasioonekana nyuso, wakatiwa katika mifuko, wakafukiwa bila ya jamaa kushuhudia. Monrovia iliamriwa wachomwe moto. Watu wakaanza kuwaficha wafu wao. Tarehe 16 Septemba 2014, katika kijiji cha Womey nchini Guinea, watu wanane wa msafara uliokwenda kueleza habari za maradhi waliuawa.

Katika Guinea hiyo hiyo alikufa mwanamke mja mzito. Desturi ya watu wake, Wakisi, haikuruhusu azikwe na mtoto tumboni, kwani balaa lingewashukia jamaa na kijiji kizima. Na kumpasua kungekuwa kuyaita mauti. Julienne Anoko, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, hakwenda kuwakaripia wazee. Alitafuta pamoja nao kama ndani ya desturi yenyewe mna njia ya kulitengeneza jambo lililoshindikana. Njia ilikuwamo: tambiko la fidia. Tambiko likafanywa, gharama zikalipwa, mama akazikwa kwa usalama na jamaa wakapata utulivu wa moyo.

Mila yenye umri haikosi mlango wa dharura. Watu wa pwani twalijua jambo hili tangu udogoni: asiyepata maji hutayamamu. Na kwa hakika tayamamu iliingia katika mwongozo wa maziko uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi wa Novemba 2014, ulioandaliwa kwa kushirikiana na taasisi za dini za Kiislamu na Kikristo na kwa mchango wa wanaanthropolojia. Shirika lilikiri kwamba si chini ya asilimia 20 ya maambukizo yalitokea katika maziko. Mwongozo ukaruhusu jamaa wamwone maiti wao, wamwombee, na ukaeleza jinsi maiti wa Kiislamu atakavyotayamamishwa na kukafiniwa bila ya ngozi kugusana na ngozi. Paul Richards, aliyeijua Sierra Leone kwa miaka mingi, aliandika katika kitabu chake cha 2016 kwamba wanavijiji wenyewe walijifunza jinsi maradhi yanavyokwenda na wakabadili mwenendo wao, na elimu yao akaiita sayansi ya watu.

Chanjo ipo, imani haipo

Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, katika nchi ya watu wanaosema Kiswahili. Safari hii chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Hata hivyo maradhi hayakutangazwa kumalizika ila tarehe 25 Juni 2020, yakiwa yamewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Chanjo haikutosha kwa sababu ilikosekana imani baina ya mchanjaji na mchanjwa.

Watafiti walilipima jambo hilo mapema. Septemba 2018 waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Waliosema wanaamini kwamba viongozi wa mahali pao wanawatakia mema walikuwa chini ya theluthi moja, na robo ya waliohojiwa waliamini kwamba Ebola haipo. Wenye imani haba ndio pia waliokuwa wazito kukubali chanjo. Mtu wa mbali atasema huo ni ujinga. Mtu wa karibu angekumbuka kwamba tokea 2014 wakazi wa Beni walikuwa wakichinjwa vijijini na watu wenye silaha na msaada wa maana hawakuuona. Kisha ikaja Ebola na misururu ya magari mapya. Kwa nini kufa kwao kwa panga hakukuwaleta wageni hawa? Tarehe 26 Disemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikatajwa miongoni mwa sababu, na siku ya pili yake waandamanaji walikivamia kituo cha wagonjwa Beni. Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko, daktari kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi Butembo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alikuwa na sababu zake za kumwogopa mgeni, na mgeni naye alikufa.

Hata lugha yetu ilikuwa na sehemu yake. Wachunguzi wa lugha waliofanya kazi Goma na Beni mwaka 2019 waliona kwamba matangazo ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu hayakuwafikia wengi sawasawa. Watu walitaka kuambiwa kwa Kiswahili chao cha Kongo, na huko Beni kwa Kinande. Nasi wapenda lugha, tujivunao kwamba Kiswahili kinafahamika toka bahari hadi bonde la Kongo, tulitafakari neno hilo. Kufahamika kwa nusu, penye maradhi, ni khatari kuliko kutofahamika kabisa.

Jambo moja la kutia moyo lilifanyika huko. Kiliundwa kitengo cha watafiti wa jamii ndani ya kazi yenyewe, wakiuliza, wakirejesha majibu kwa haraka kwa waliokuwa na amri, na wakifuatilia kama ushauri uliotolewa umetendwa. Utafiti ulikoma kuwa kitabu cha kusomwa baada ya mazishi.

Deni la wasomi

Sipendi kuwapamba wasomi kupita kiasi. Elimu ya jamii imewahi kuwatumikia watawala waliotaka kutujua ili watutawale. Imewahi pia kuyatupia lawama yote "mila za watu", kana kwamba watu wa Guinea walikufa kwa sababu ya kuosha maiti na si kwa sababu ya hospitali zisizo na glovu. Na mara nyingi imechukua isirudishe. Kitabu cha Christie hakikuandikwa kwa lugha ya wale waliomsimulia. Ni haki ya Lamu, Gulu na Beni kusoma yaliyoandikwa juu yao, kwa maneno wanayoyafahamu, na hapo ndipo mfasiri anapoingia katika safu ya wauguzi.

Lakini hoja yangu yabaki pale pale. Dawa ikitengenezwa haraka kiasi gani, hatua ya mwisho hadi kwenye mkono wa mgonjwa hupita katika neno, desturi na imani, na hakuna chombo cha kupimia hayo ila mtu aliyejifunza kuuliza na kunyamaza. Mtu huyo yafaa awe amekwisha kaa nasi kabla ya siku ya msiba. Maradhi ya Marburg yalizuka Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Anayedhani kwamba haya ni mambo ya mbali na afikiri upya.

Waraka wangu niliusahihisha. Pa "atengwe" niliandika "awekwe chumba chake apate kuuguzwa", na pa "mshukiwa" niliandika "anayehofiwa kuwa amepatwa". Ofisi haikuuchapisha tena, na nakala ninayo mezani. Nilimpelekea yule bibi nikamsomea upya. Alitikisa kichwa kukubali, kisha akanyamaza kidogo.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Na akifa, nani atamwosha? Hapo hukuandika."